Bao Halichezwi na Watu Wawili

Ndugu msomaji, ukija Mkonze leo ukitokea mjini Dodoma utakutana kwanza na nyumba mpya, mabati ya rangi, kuta za tofali za saruji na vibao vya kuuza viwanja. Pita hizo. Nyuma yake, karibu na kaya yetu, kuna mkwaju ambao bado haujakatwa, na chini ya mkwaju limelala gogo refu lililosuguliwa na makalio ya watu mpaka linang'aa. Wako wanaosimulia kwamba hata jina letu Wagogo lilitokana na misafara ya Wanyamwezi, waliopita huku karne ya 19 wakawakuta wazee wameketi juu ya magogo. Iwe kweli, iwe utani, mimi sibishi. Ninachotaka kusimulia ni habari za gogo hili moja.

Likizo iliyopita mdogo wangu alikuwa ameketi hapo na simu yake. Alikuwa ameingia katika mchezo wa intaneti, ile michezo ambayo mtu hujichagulia mhusika, awe mchawi, askari au mfua chuma, halafu akaishi ndani ya dunia ya kubuni pamoja na maelfu ya wenzake walioko nchi nyingine. Alikuwa amenunua bando la usiku, akaupakua mchezo mpaka alfajiri, na wiki ya kwanza hata ugali alikuwa anakula kwa mkono mmoja. Wiki ya tatu akaufuta. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Dada, mle watu wamejaa, lakini hakuna mtu."

Babu, ambaye tulidhani amesinzia, akainua kofia yake. "Kwani wale wasiocheza wanakaa wapi?"

Tulicheka sana. Mzee wa watu, simu yenyewe anaishika kama anashika yai. Lakini usiku ule sikucheka tena. Swali lilinikaa kichwani, na nilipoanza kusoma habari za michezo hiyo nikaona kwamba mabwana wenye fedha na elimu wamelihangaikia zaidi ya miaka 20, wengine bila kujua kwamba ndilo linalowasumbua.

Hebu tuanze na mchezo tunaoujua. Ubao wa bao una mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete zake ni 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na nyingine 22 anazo mkononi. Anaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi, mtaji unaanza, na hapo ndipo wanaume hutokwa jasho. Mtu anaweza kuondoa kete shimo moja, zikazunguka, zikala, zikaanzia kichwani, zikazunguka tena, na mwenzake akabaki anazifuata kwa macho kama mtu anayetazama treni. Bingwa huuona mwisho wa safari hiyo kabla hajagusa kete. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akachapisha kitabu kizima juu ya mipaka ya akili ya binadamu kwa kutazama tu jinsi wanavyofikiri.

Si mchezo wa kitoto huu. Muyaka bin Haji, yule mshairi mkuu wa Mombasa aliyeishi mpaka mwaka 1840 hivi, aliutungia shairi. Mwalimu Nyerere aliucheza, tena kwa mapenzi. Kwa hiyo heshima upo nayo, kina upo nacho, historia upo nayo. Mbona basi unawapoteza watu? Mbona pale stendi ya bodaboda, mita chache kutoka kwetu, vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda kutwa nzima, na ubao wa babu umewekwa darini, juu ya magunia ya mtama?

Jibu la haraka ni kwamba bao ni gumu na vijana wa leo wavivu. Mimi jibu hilo nalikataa. Drafti nayo, ukikutana na mtu anayeijua, utalia. Tena bao lina mlango wake wa wageni. Liko bao la kujifunza, ambalo kete huwekwa 2 kila shimo tangu mwanzo, hakuna namua, hakuna nyumba, mnaanza mtaji moja kwa moja. Wazee waliotangulia hawakuwa wajinga; walijua kwamba mtu haanzii darini, anaanzia ngazi ya kwanza. Ugumu peke yake haujamfukuza mtu.

Sasa twende kwa wenzetu, halafu tutarudi mkwajuni.

Dunia za kubuni za kompyuta zilianza na maandishi matupu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Hapakuwa na picha. Uliandika "nenda kaskazini", mashine ikakueleza kwa maneno ulichokiona huko. Mwaka 1996 Bartle aliandika makala iliyopata umaarufu, akisema kwamba wanaoingia humo si watu wa aina moja. Wako wanaotaka kushinda na kupanda cheo. Wako wanaotaka kuchungulia kila pembe wajue dunia ile imejengwaje. Wako waliofuata watu, wapige soga. Na wako waliokuja kuwaudhi wenzao. Ukizidisha aina moja bila kuangalia, unazifukuza nyingine.

Niliposoma hayo nililiona gogo letu. Bingwa anayetaka kushinda yupo. Yule anayenyamaza akihesabu kete, anayeujua mtaji lakini hachezi mbele za watu, yupo. Wapiga soga ndio wengi, kwa kweli. Na mchokozi anayemkejeli aliyekosea, "Wewe rudi ukachunge mbuzi," naye hakosekani. Wanaocheza ni 2. Walioketi ni 8 au 10. Ukiwaondoa hao 8, wale 2 watacheza mara ngapi peke yao kabla hawajachokana?

Mwaka 1997 ikatoka Ultima Online, ya kampuni ya Origin huko Texas. Hawa walikuwa na tamaa kubwa. Walitaka msitu ambamo mnyama mkubwa anamla mdogo na mdogo anakula majani, ili ukimaliza swala upande huu, chui wasogee upande mwingine. Wachezaji walipoingia wakaua kila kilichotembea, haraka kuliko kilivyozaliwa, na mpango ule ukatupwa. Walipata wateja zaidi ya 100,000, lakini mgeni akitoka nje ya geti la mji kwa mara ya kwanza aliuawa na kuporwa na wenzake wenye nguvu. Mwaka 2000 wakaigawa dunia yao mara 2, upande mmoja wa vita na upande mmoja wa amani. Hiyo ndiyo adhabu ya kumwachia mchokozi gogo zima, mwisho inabidi ulikate katikati.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha mchezo wa Star Wars Galaxies, uliofunguliwa Juni 2003 na Sony. Mbunifu wake mkuu alikuwa Raph Koster, mmoja wa wale waliojenga Ultima Online. Humo mtu angeweza kuwa askari, lakini pia angeweza kuwa fundi nguo, daktari, mpiga muziki au mcheza ngoma. Askari alipotoka vitani na akili imechoka, dawa yake haikuwa chupa ya kununua. Ilimbidi aingie kilabuni, akae chini, atazame ngoma mpaka apone. Silaha zilichakaa, kwa hiyo alimhitaji mhunzi, na mhunzi alimhitaji mchimbaji. Wako watu waliolipa ada ya kila mwezi bila kuua hata nzi. Walikuja kupiga muziki na kuongea. Msomaji, hicho kilabu ni nini kama si gogo?

Mamia ya maelfu walijiunga. Hata hivyo wenye mali waliona hawatoshi. Mchezo ulikuwa na kasoro nyingi, hilo ni kweli, na Novemba 2004 alikuwa amezaliwa jirani mwenye nguvu, World of Warcraft, aliyekuwa mwepesi kuingia na aliyeanza kuchukua watu wa kila mtu. Basi Novemba 2005 waliupindua mchezo wao. Kazi zaidi ya 30 zikapunguzwa zikawa 9. Ujedi, cheo ambacho watu walikuwa wamekihangaikia miezi na miezi, ukawekwa mlangoni, mgeni wa leo anauchagua kama anavyochagua soda. Walitaka kuwavuta wapya kwa kurahisisha. Wapya hawakuja kiasi kile, na wa zamani wakaondoka kwa vikundi, maana mpiga ngoma alipoondoka, askari aliyezoea kuongea naye alibaki kufanya nini? Tarehe 15 Desemba 2011 dunia ile ilizimwa.

Hata huyo jirani mwenye nguvu hakusalimika. World of Warcraft ilitangaza mwaka 2010 kwamba ina wateja zaidi ya milioni 12. Zamani humo, kama mlitaka kuingia pangoni, ilibidi utafute wenzako 4, uite mjini, mpatane, mtembee pamoja mpaka mlangoni. Ilichosha, ni kweli. Desemba 2009 wakaweka kitufe, na ukikibonyeza mashine inakuokotea wageni 4, inakutupa ndani, mnaua, mnaachana bila hata kuamkiana. Siwezi kusema kitufe kile peke yake ndicho kilichowapunguza watu. Yapo mengi, na miaka ilikwenda. Ila mwaka 2015 walikuwa wamebaki chini ya milioni 6, na kampuni ikaacha kutangaza hesabu. Mwaka 2019 wakafungua upya toleo la zamani, lisilo na kitufe, na watu wakapanga foleni kuingia.

RuneScape nayo, mchezo wa Waingereza ulioanza mwaka 2001, ilibadilishwa mpaka wenyewe hawakuitambua. Mwaka 2013 kampuni ikafukua nakala ya Agosti 2007, ikaifungua kama ilivyokuwa, na ikaweka sharti jipya kwamba badiliko lolote lipigiwe kura, na wakati ule lisipopata robo 3 za kura, halikupita. Toleo lile la kale likaja kuwa na watu wengi kuliko lile jipya. Na usidhani somo limeshasomwa na wote. Mwaka 2021 Amazon ilifungua New World, na zaidi ya watu 900,000 wakawa ndani kwa wakati mmoja. Miezi michache tu baadaye hata robo yao hawakuwemo.

Kwa hiyo swali la babu lina jibu. Michezo hii inatumia fedha nyingi kumfikiria yule anayecheza, apate upanga gani, apande cheo gani, jitu gani limngojee mbele. Yule asiyecheza, aliyechoka, anayejifunza, anayetazama tu, hawamwekei pa kukaa. Naye ndiye mchezaji wa kesho. Na ndiye sababu ya mchezaji wa leo kurudi kesho.

Sasa turudi Mkonze, maana sikuandika haya ili kuwasema Wamarekani.

Babu anasimulia kwamba zamani kaya za huku zilikuwa mbalimbali, kila mtu na tembe lake na ng'ombe wake, na bao mlicheza mkikutana kwenye pombe au mnadani. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowakusanya watu katika vijiji, wengi waliumia. Yeye mwenyewe aliacha shamba la baba yake na mpaka leo hulitaja kwa jina. Lakini, anasema, kitu kimoja kilipatikana, jirani. Jioni hukwenda mbali kumtafuta mwenzako. Gogo lile lilivutwa na ng'ombe likawekwa chini ya mkwaju, na kwa miaka kama 30 halikukauka watu.

Kisha mji ukaja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973, na kwa muda mrefu wakubwa walikuja asubuhi wakarudi Dar es Salaam jioni, yaani nasi tulikuwa na mchezo wetu mkubwa uliokosa wachezaji. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mashamba ya Mkonze yakapimwa yakawa viwanja. Wengine wa pale gogoni wakauza, wakajenga mbali zaidi, wengine wakafa, kama wazee wafavyo. Bao halikushindwa na simu. Simu ilikuta gogo limeshakuwa tupu.

Hapo ningeweza kumaliza, na babu angefurahi. Lakini kuna jambo nisilolisema nitakuwa nimedanganya.

Mimi ni mwanamke. Nilipokuwa na miaka 10 nilipita mbele ya gogo lile kila jioni na ndoo ya maji kichwani. Nilipunguza mwendo. Nilijifunza nyumba ni lipi, nikajua kichwa na kimbi, nikajua sauti ya kete zinapoliwa. Siku moja nilisimama, nikaona mzee mmoja anakosea, na kabla sijajizuia nikasema, "Kula hapo." Gogo zima liligeuka. Halafu likacheka. Mmoja akasema, "Binti, maji yanamwagika." Sikusimama tena pale.

Babu alikuwa ameketi, naye alicheka. Hilo silisahau, ingawa nampenda.

Kwa hiyo ninaposikia wazee wanalalamika kwamba bao halina warithi, huwa nahesabu. Gogo lilikuwa na nafasi 10. Upande wa pili wa njia walikuwa wanapita wasichana wangapi na ndoo zao, wenye macho na hesabu? Bao lilipoteza nusu ya wachezaji wake kabla simu haijabuniwa, kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Ultima Online ilimwua mgeni getini kwa panga. Sisi tulimwua kwa kicheko. Tofauti ni kwamba wao waliona hesabu zao zinashuka, wakashtuka. Sisi hatukuwa na mtu wa kuhesabu.

Siku 2 baada ya mdogo wangu kufuta mchezo wake, nilipanda darini nikaushusha ubao. Ulikuwa na vumbi la mtama, na kete zilipungua, tukajazia kokoto. "Shikamoo babu, leo utanifundisha."

"Marahaba, mke wangu. Nikufundishe? Mbona unajua?"

Nikamwuliza amejuaje. Akanyamaza kidogo, akiwa anapanga kete 2 kila shimo, lile bao la kujifunza. Akasema, "Siku ile ulisema kula hapo. Ilikuwa sawa. Yule bwana angekula, angeshinda."

Miaka 14, ndugu msomaji. Alijua, na alicheka pamoja na wenzake. Nilitaka kukasirika, lakini kete zilikuwa zimeshapangwa.

Alinifunga mara 4. Mara ya tano mdogo wangu alikuja akaketi gogoni, simu mfukoni, akaanza kuniambia pa kula. Akakosea. Babu akafungua kinywa ili acheke, akanitazama, akakifunga. Jioni ya tatu alipita binti wa jirani na dumu la maji kwenye toroli. Akapunguza mwendo.

Ninasemaje basi? Vijana wenzangu mnaotunga michezo ya simu kule mjini, na mnaolalamika kwamba watu wanapakua leo wanafuta kesho, msiongeze panga kwanza. Tengenezeni pa kukaa. Nanyi wazee mnaolia na bao, msitafute mashindano na vikombe kwanza. Mkimwona mtu amesimama mbali anatazama, sogeeni.

Mimi nilisogea. Nikamwambia yule binti, toroli halitaibiwa, njoo ukae.